Plagini za Windows kwenye Linux: hamia na zile chache zinazobeba nyimbo zako

Swali: "Kaka shikamoo. Natengeneza biti za bongo fleva na singeli hapa Morogoro, natumia FL Studio kwenye ThinkPad T470, i5 ya gen 7, ramu 8. Windows 11 imegoma kuingia na Windows 10 ndo hivyo haipati tena apdeti, sasa rafiki yangu kanishauri nihamie Linux. Shida yangu ni plagini. Nina Serum, Kontakt na maktaba zake, TDR Nova, za Melda, moja inayotumia iLok, na folda nzima ina plagini kama mia hivi, nyingine sijui hata nilizitoa wapi. Nasikia kuna Wine na kitu kinaitwa yabridge. Je zitafanya kazi? Na nianzie wapi nisije nikapoteza projekti zangu?"

Marahaba mdogo wangu. Nyingi ya hizo ulizozitaja zitafanya kazi, Kontakt ikiwemo, ya iLok (ule mfumo wa kulinda leseni) ndo ina mashaka, na hiyo folda ya plagini mia naomba uiache hukohuko iliko. Soma mpaka mwisho kabla hujagusa kitu, maana hapa kinachookoa projekti ni mpangilio, na kazi ya kwanza unaifanyia ndani ya Windows kabla hata hujapakua Linux yoyote.

FL Studio haina toleo la Linux, na faili la .flp linafunguliwa na FL tu. Kwahiyo projekti zako zote ambazo bado una mpango nazo, zifungue moja moja kwenye Windows na utoe treki zake kama WAV: File, Export, Wave file, afu weka tiki kwenye Split mixer tracks, chagua 24 bit au 32 float. Hakikisha kabla ya hapo kila chombo kimepelekwa kwenye treki yake ya mixer, maana kama kick, snare na besi zote zinapita kwenye Master utapata faili moja lililochanganyika na hutaweza kulitenganisha tena. Toa pia nakala moja yenye efekti na moja kavu kwa zile treki unazojua utazimiksi upya, hasa vokali. Kisha toa na MIDI, yaani noti zenyewe bila sauti: hifadhi projekti kwa jina lingine kwanza, halafu nenda Tools, Macros, Prepare for MIDI export, na hapo kwenye jina lingine ni muhimu sana kwa sababu hiyo makro inaondoa ala zako zote na kuweka MIDI Out mahali pake, ukisevu juu ya ile ya zamani umeiua. Mwisho chukua Zipped loop package ya kila projekti ili sampuli zote ziwe sehemu moja. Ni kazi ya kuchosha, najua, lakini ukimaliza hapo wimbo wako hautegemei tena plagini yoyote wala DAW yoyote (yaani programu ya kutengenezea muziki kama FL), hata laptopu ikiibiwa kesho una WAV zako kwenye diski ya nje.

Jambo la pili bado upo Windows: leseni. Kila kampuni ina idadi ya mashine inazoruhusu, na Wine kwa macho ya plagini ni kompyuta mpya kabisa, hata kama ni laptopu ileile. Ukiifuta Windows bila kutoa leseni, nafasi yako moja imekwenda na itabidi uwaandikie wenyewe barua pepe kuomba warudishe. Kwahiyo deactivate kila kitu kwanza, seva za leseni zikuhesabu uko huru.

Jambo la tatu, na hili ndo naomba ulifanye kwa makini: pitia nyimbo zako za mwaka huu, andika plagini ambazo kweli zimetumika na ambazo huwezi kuzibadilisha na nyingine. Watu wengi wakifanya hivi kwa uaminifu wanabaki na plagini tano mpaka nane. Hizo ndo za kuvusha. Zilizobaki utatafuta za Linux yenyewe, na nitakutajia. Sababu ya kusisitiza ni hii, kila plagini ya Windows unayoileta ni kitu kimoja zaidi kinachoweza kuvunjika siku ya sesheni huku msanii amekaa pembeni anasubiri, na plagini mia zikiingia pamoja hutajua hata ni ipi inayoleta shida.

Sasa tuje kwenye Wine. Wine ni mradi ulioanza 1993 na tangu 1994 unasimamiwa na Alexandre Julliard. Haigizi kompyuta nyingine wala haihitaji Windows ndani yake. Programu ya Windows ikisema "nifungulie faili hili" au "nichoree dirisha hapa", Wine inapokea ombi hilo na kulitimiza kwa njia za Linux. Ndo maana hesabu za sauti zenyewe, yaani ile kazi nzito ya Serum kutengeneza wimbi au kompresa kubana, zinakimbia kwenye prosesa yako moja kwa moja kwa kasi karibu sawa na Windows. Ugumu unakuja kwenye vitu vinavyozunguka sauti: madirisha, grafiki, fonti, mifumo ya leseni. Ukikumbuka hilo utajua mapema plagini gani itakusumbua. Ikwalaiza yenye dirisha la kawaida, haina shida. Plagini yenye mapambo mengi ya grafiki na programu ya pembeni ya kukagua leseni, jiandae.

Lakini Wine peke yake haitoshi, kwa sababu DAW yako ya Linux ikiona faili la .dll au .vst3 ya Windows haiwezi kulisoma. Hapo ndo inaingia yabridge ya Robbert van der Helm. Inachofanya ni kuweka faili dogo la Linux ambalo DAW inaliona kama plagini ya kawaida, na nyuma ya pazia inaiwasha plagini halisi ndani ya Wine kama programu ya pekee, halafu inapitisha sauti kati ya pande mbili kupitia memori ya pamoja. Inasoma VST2, VST3 na CLAP, na hata za biti 32 kama bado unazo. Faida kubwa ya kuwa programu ya pekee ni kwamba plagini moja ikianguka mara nyingi inaanguka peke yake bila kuzoa plagini nyingine zote. Zamani kulikuwa na njia nyingine kama LinVst na Airwave, bado utaziona zimetajwa kwenye maelezo ya zamani, achana nazo, nenda yabridge moja kwa moja.

Kwa mashine yako ningeweka Ubuntu Studio 24.04, imeshapangwa kwa ajili ya sauti na inatumia PipeWire ya Wim Taymans, programu inayosimamia sauti yote ya mfumo, kwahiyo hutapigana na mipangilio ya JACK, mfumo wa zamani wa sauti za studio, kama watu walivyopigana miaka ya nyuma. Mtu wa Arch, Linux ya aina nyingine, atakuwa na njia fupi zaidi maana yabridge na yabridgectl zipo kwenye hazina yao, ila wewe ndo unaingia, chukua kitu tulivu.

Hapa sasa simama kidogo, kwa sababu ndo pananasa watu wengi kuliko sehemu yoyote. Usiweke Wine mpya kuliko zote. Kuanzia Wine 9.22 kuna mabadiliko ya namna madirisha yanavyopachikwa, na ukiwa na yabridge 5.1.1 matokeo yake ni kwamba plagini inafunguka vizuri, sauti inatoka vizuri, ila maus inasoma sehemu nyingine. Unalenga nobu ya cutoff, inazunguka iliyo pembeni yake, au unabonyeza menyu ya preset na hakuna kinachotokea kabisa, ukisogeza dirisha zima kona ya juu kushoto ya skrini ghafla inakubali. Mtu akiona hivyo anadhani ni draiva ya grafiki, anaanza kubadilisha kerneli, anamaliza wikiendi nzima, kumbe ni toleo la Wine tu. Chukua wine-staging 9.21. Ukishaongeza hazina ya WineHQ na kuruhusu paketi za i386 (sudo dpkg --add-architecture i386), kwa Ubuntu 24.04 amri ni hii, yote mstari mmoja:

sudo apt install --install-recommends winehq-staging=9.21~noble-1 wine-staging=9.21~noble-1 wine-staging-amd64=9.21~noble-1 wine-staging-i386=9.21~noble-1

Halafu palepale zifunge hizo paketi nne kwa sudo apt-mark hold ili apdeti ya kawaida ya mfumo isikuletee Wine nyingine usiku bila wewe kujua. Toleo jipya la yabridge likitoka na maelezo yake yakasema linakubali Wine mpya, ndo utafungua. Studio inayolipa kodi haina haja ya kukimbizana na matoleo.

Yabridge yenyewe unapakua lile faili la tar.gz kwenye ukurasa wake wa GitHub na kulifungulia ndani ya ~/.local/share, halafu unaongeza ~/.local/share/yabridge kwenye PATH ili terminali iitambue amri ya yabridgectl. Baada ya hapo unainstoli plagini zako kwa kutumia instola zake za kawaida za Windows, yaani wine jina-la-instola.exe, unabonyeza Next Next kama ulivyozoea. Usibadilishe folda inayopendekezwa. Zitakaa ndani ya ~/.wine/drive_c, hiyo ndo diski C ya bandia. Na usiendeshe wine kwa sudo hata siku moja, mafaili yatakuwa mali ya root na baadaye plagini itashindwa kuhifadhi preset zake bila kukwambia kwa nini.

Zikishaingia:

yabridgectl add "$HOME/.wine/drive_c/Program Files/Common Files/VST3"
yabridgectl sync
yabridgectl status

Ya kwanza inaonyesha folda ya kuangalia, ya pili inatengeneza zile plagini ndogo za Linux na kuziweka ndani ya ~/.vst3/yabridge, ya tatu inakuorodheshea kilichokubali. Kila ukiongeza plagini mpya au kuiapdeti rudia sync. VST2 zinakaa kwingine, mara nyingi Program Files/Steinberg/VstPlugins, lakini kama instola inakupa kuchagua weka tiki kwenye VST3 tu, ukiweka fomati zote utaona Serum mara mbili kwenye DAW na hutakumbuka wimbo upi ulitumia ipi. VST2 ichukue pale ambapo VST3 ya plagini hiyo inaleta ubishi.

Kwa nini nasema utumie instola badala ya kunakili .dll kutoka kwenye diski ya zamani? Plagini ndogo zinakubali kunakiliwa, ni kweli, ila kubwa zinaandika vitu kwenye rejista ya Windows na kuweka mafaili ya pembeni, ukinakili .dll peke yake inafunguka bila preset au haifunguki kabisa. Ikilalamika kuhusu VCRUNTIME au MSVCP, endesha winetricks vcrun2022. Ikifunguka maandishi yamekuwa visanduku au hayapo, winetricks corefonts.

Na jambo moja linaangusha wengi: DAW ya Flatpak au Snap. Hizo zinaishi kwenye kisanduku kilichofungwa na haziifikii Wine yako ya nje, kwahiyo utasync mpaka uchoke plagini hazitatokea au zitatokea na kugoma kuwaka. Chukua DAW kutoka kwenye tovuti ya walioitengeneza.

Sasa sauti. Hapa ndo watu wanasema "Linux inakwaruza" halafu wanarudi Windows, wakati tatizo ni kwamba mfumo haujapewa ruhusa. Sauti inahitaji kipaumbele cha realtime, bila hicho plagini yako ni kama gari la wagonjwa lililonasa foleni ya Ubungo halina king'ora, kila programu nyingine inakatiza mbele yake. Andika ulimit -r kwenye terminali. Ikikujibu 95 au karibu na hapo upo sawa. Ikijibu 0, tengeneza faili /etc/security/limits.d/audio.conf na uandike mistari miwili:

@audio - rtprio 95
@audio - memlock unlimited

halafu sudo usermod -aG audio $USER, kisha toka kabisa kwenye akaunti na uingie tena, kufunga terminali hakutoshi. Rudia ulimit -r. Hiyo memlock ni ya kuzuia memori ya plagini isitupwe kwenye diski katikati ya wimbo.

Bafa sasa, yaani kile kipande cha sauti ambacho kompyuta inakiandaa kwa mkupuo mmoja. Kwa 48000 Hz, bafa ya 128 ni kama milisekunde 2.7, ya 256 ni 5.3, ya 1024 ni 21.3. Prosesa yako ni ya core mbili, kwahiyo usijitese na 64. Ukirekodi vokali au ukipiga kibodi tumia 256, ukifika kumiksi panda 1024 na hutasikia tofauti yoyote maana hakuna anayepiga kitu muda huo. Kwenye PipeWire unailazimisha hivi:

pw-metadata -n settings 0 clock.force-quantum 256

ukiweka 0 badala ya 256 inarudi kujipangia yenyewe. Fungua pw-top pembeni wakati wimbo unacheza, uangalie safu ya ERR. Namba ikitulia uko salama, ikipanda kila sekunde bafa ni ndogo au kuna plagini inayokula sana. Laptopu iwe kwenye chaji, na prosesa iweke kwenye performance, kwa sababu ile tabia ya kupunguza kasi ili kuokoa betri inaleta mikwaruzo hata kama mzigo ni mdogo. Yabridge yenyewe inaongeza mzigo kidogo sana kwa kila plagini, kinacholiwa zaidi ni ramu kwa sababu kila plagini inakuja na programu yake ya Wine. Ramu 8 na Kontakt, hapo utahisi. Unaweza kuzikusanya plagini kadhaa kwenye programu moja kwa kutengeneza faili la yabridge.toml ndani ya ~/.vst3/yabridge na kuandika:

["*Nova*"]
group = "miksi"

Hapo TDR Nova zote za wimbo mzima zinakaa pamoja, zinafunguka haraka na zinakula kidogo. Ubaya wake ni kwamba moja ikianguka zinaanguka zote, kwahiyo kundi ni la plagini tulivu tu, usimtie humo msumbufu.

Nirudi kwenye orodha yako. TDR Nova weka bila wasiwasi. Melda zinafanya kazi ila dirisha linaweza kuchorwa vibaya, ingia kwenye mipangilio ya plagini yenyewe uzime GPU acceleration, basi. Serum inafanya kazi vizuri, isipokuwa inaweza kuacha mabaki ya picha kwenye dirisha lake. Fungua winecfg, kwenye Libraries ongeza d2d1, ihariri iwe disabled. Ukiona plagini nyingine dirisha jeusi tii wakati sauti inatoka, jaribu winetricks dxvk, ila iweke pale tu inapohitajika.

Kontakt inahitaji subira. Yenyewe ikishaingia inapiga vizuri, kazi ipo kwenye Native Access, ile programu ya kupakua na kuinstoli, ambayo huwa inakwama njiani bila kumaliza. Faili la .iso la maktaba likiwa limeshapakuliwa, unaweza kulifungua wewe mwenyewe na kuendesha instola iliyomo ndani, ila diski hizo zina mafaili yaliyofichwa kwahiyo lifungue hivi:

sudo mount -t udf -o unhide jina.iso /mnt

Ukisahau hilo neno unhide utaona folda haina instola unayoitafuta. Maktaba zenyewe hazina haja ya kukaa ndani ya drive_c. Wine inaonyesha diski yako nzima ya Linux kama Z:, kwahiyo maktaba zikae kwenye diski ya nje na Kontakt uielekeze kule kupitia Z:. Angalia tu diski hiyo iwe inafunguka kwenye njia ileile kila siku, jina lake likibadilika Kontakt itakuuliza sampuli zimeenda wapi kwenye kila wimbo. Na ile folda ya .wine yenyewe iwe kwenye diski ya Linux, usiiweke kwenye diski ya NTFS.

Ya iLok. Kile kifaa cha USB usikihesabu, hakipiti kwenye Wine. Leseni ya iLok iliyoandikishwa kwenye kompyuta yenyewe inategemea toleo la programu yao ya leseni, leo inakubali, wakiapdeti inagoma, na plagini ambayo inaweza kugoma huku mteja amesimama mlangoni mi siijengei wimbo. Kama hiyo plagini ndo inabeba sauti yako, bakisha Windows kwenye sehemu ndogo ya diski, itumie kwa kazi hiyo tu bila intaneti, toa treki, rudi Linux. Kama ni ya kawaida, tafuta mbadala.

Na zile usizojua ulizitoa wapi, hapo nataka tuelewane. Plagini za kuvunjwa zilizopita mikononi mwa watu usiowajua usizilete. Watu wanadhani Wine ni chumba kilichofungwa, kwamba virusi vya Windows vikiingia vitaishia humo. Haiko hivyo, si nimekwambia Z: ni diski yako nzima? Programu mbovu ndani ya Wine inaweza kusoma na kufunga mafaili yako yote, WAV za wasanii wako zikiwemo. Tena mbinu zinazotumika kuvunja leseni mara nyingi ndo hizohizo zinazofanya plagini ianguke chini ya Wine, na hakuna mtu atakayekusaidia kutafuta tatizo kwenye plagini iliyochokonolewa.

Kwa hizo nafasi zitakazobaki wazi, Linux yenyewe ina vitu vizuri sana, na hapa nafurahi kweli kukutajia. Vital ya Matt Tytel ni sinthi ya wavetable kama Serum na ina toleo la Linux. Surge XT ni bure na ina kina ambacho utajifunza mwaka mzima. Dexed kwa sauti za DX7, zile kengele na piano za umeme unazozisikia kwenye muziki wa dansi wa zamani. Kwa miksi, LSP Plugins zina ikwalaiza, kompresa, limita, kila kitu. Mwangwi, Dragonfly Reverb. Decent Sampler inasoma maktaba nyingi za bure. Za kulipia, Pianoteq ina Linux, na u-he nao wanatoa matoleo ya Linux. Kuhusu ile sauti ya vokali iliyonyooshwa ambayo bongo fleva haiwezi kuishi bila hiyo, jaribu Graillon ya Auburn Sounds au x42 Autotune, zote ni za Linux moja kwa moja, au MAutoPitch ya Melda kupitia yabridge. Zipe muda kabla ya kusema hazifiki, weka vokali ileile uliyoizoea, skeli sahihi, halafu cheza na kasi ya kunyoosha.

DAW: mtu wa FL huwa anaelekezwa LMMS kwa sababu zinafanana sura. Kwa kujifunza sawa, ila LMMS 1.2 hairekodi sauti, na wewe unarekodi wasanii. Mi ningekupa REAPER. Ina toleo la Linux, unaijaribu siku 60, leseni ya mtu wa kawaida ni dola 60, na ni nyepesi mno kwa laptopu yako. Haiji na ala zake nyingi, ndo maana Vital na Surge. Bitwig Studio iko karibu zaidi na uchezaji wa FL, ina sampuli na ala zake, ila bei iko juu. Jambo zuri la REAPER ni kwamba projekti iliyotengenezwa kwenye REAPER ya Windows inafunguka kwenye ya Linux na plagini zilizovushwa na yabridge zinatambulika kuwa zilezile, mipangilio yako ipo. Kwahiyo unaweza kuanza kuizoea REAPER ukiwa bado Windows, hata mwezi mzima, ndo uhame. Kwa singeli ukifika huko juu bpm 200 na kuendelea, seti gridi mapema na uweke vifupisho vya kibodi vya kukata na kurudia, REAPER inakuruhusu kubadilisha karibu kila kitu. Ukitaka kuburuta sampuli na kuidondosha ndani ya dirisha la plagini ya Windows kwenye REAPER na ikagoma, kwenye lilelile faili la yabridge.toml, chini ya jina la plagini hiyo, andika editor_force_dnd = true.

Utauliza, si niiwashe tu FL Studio nzima ndani ya Wine? Inawezekana, inawaka, na plagini zake zinakuwa ndani mulemule bila kuhitaji yabridge. Kwa sauti unaweka WineASIO inayoiunganisha na JACK, na JACK hapo inachezwa na PipeWire. Mi naiona inafaa kufungua .flp ya zamani uliyosahau kuitoa treki. Kufanyia kazi kila siku hapana, maana hapo umeweka kila kitu juu ya Wine, apdeti moja mbaya ya Wine na studio nzima imelala, tofauti na kuwa na DAW ya Linux yenye plagini tano za kuvushwa. Ukiamua kuijaribu ipe folda yake, WINEPREFIX=~/.wine-fl mbele ya amri, isichanganyike na plagini zako. Hata Kontakt ningeipa folda yake hivyohivyo, yabridge inajua yenyewe plagini ipo kwenye folda ipi.

Siku kila kitu kikikubali, leseni zimeingia, preset zipo, fanya hivi kabla hujaongeza kitu kingine chochote: funga DAW, afu

tar -czf wine-nzuri.tar.gz -C ~ .wine

na uipeleke diski ya nje pamoja na WAV zako. Hilo faili ni plagini zako zote zilizomo ndani ya .wine na mipangilio yao; Kontakt ukiipa folda yake, ifungashe hivyohivyo. Siku instola fulani imeharibu mambo unafuta .wine, unafungua hiyo tar, umerudi ulipokuwa. Windows haijawahi kunipa kitu chepesi namna hiyo.

Plagini ikigoma, usianze kubadilisha vitu vitano kwa mpigo. Washa REAPER kutoka terminali hivi:

YABRIDGE_DEBUG_LEVEL=1 YABRIDGE_DEBUG_FILE=/tmp/yabridge.log reaper

ongeza hiyo plagini moja tu kwenye projekti tupu, subiri ianguke, halafu fungua /tmp/yabridge.log. Mistari ya mwanzo inakutajia toleo la yabridge, toleo la Wine na folda inayotumika, na mara nyingi kosa lipo hapohapo, unakuta Wine siyo ile 9.21 uliyodhani au plagini inatoka folda nyingine. Ukikwama, niletee hilo faili zima bila kulikata, pamoja na majibu ya ulimit -r na yabridgectl status, na uniambie kama umeingia kwa Wayland au X11 (njia mbili za Linux za kuchora madirisha, unachagua pale pa kuingilia akaunti), maana dirisha linalorukaruka kwenye Wayland mara nyingi linatulia ukiingia kwa X11.